Kikombe cha Tano

Mtoto wa Mwasiti alikuwa na mashavu, na mashavu hayo ndiyo yaliyowadanganya watu wote.

"Njiti gani huyu?" alisema Mama Msafiri, mama mkwe wa Mwasiti, akiifunua kanga kidogo amwonyeshe nesi. "Njiti nawajua mimi. Nimewaona wanaoenea kwenye kiganja. Huyu kashiba, kajilalia zake."

Nesi Siwema Mrisho hakubishana naye. Alinawa mikono, akamwamkia mama yule shikamoo, akangoja marahaba yake, ndipo akamwinamia mtoto. Ilikuwa saa moja asubuhi na tayari wodi ya wazazi ya Kondoa ilikuwa na joto la saa saba. Kwenye shavu la mtoto palikuwa na kile kidude walichokiita jani: utando mwembamba wa kijani ulionata kwenye ngozi kama mchicha uliolowa. Jani lilipima sukari ya damu bila sindano, likahesabu kila mfyonzo na kila mmezo, na yote likayapeleka kwenye kioo alichovaa nesi kifundoni mwa mkono. Siwema akatazama kioo. Sukari, mbili nukta tatu, chini ya inavyotakiwa. Mifyonzo tangu alfajiri, minne. Mimezo, hakuna.

"Hajashiba, mama," alisema. "Amechoka. Mtoto mwenye njaa hulia akiwa na nguvu ya kulia. Huyu nguvu hiyo hana."

Tangu joto la miaka ile lilipozidi, watoto wa Kondoa hawakungoja tena miezi tisa. Mmoja kati ya kila watatu alitoka wiki ya thelathini na tano au ya thelathini na sita, mwili umekwisha jaa, ubongo bado unajiona uko tumboni. Watu waliwaita nusu-njiti. Hawakuwekwa kwenye mashine. Walilazwa kifuani mwa mama zao kama watoto wengine, nao wakalala. Hatari yao ilikuwa hapo hapo kwenye kulala. Walifyonza mara nne wakasinzia. Titi lisilofyonzwa halishushi maziwa, na mtoto asiyepata maziwa huzidi kusinzia, macho yakaanza kuwa ya manjano. Siwema alikuwa ameifanya kazi ya kuwaamsha kwa miaka kumi na sita, na alijua kila mlango wa kuingilia.

Mwasiti mwenyewe alikuwa amelala kitanda cha sita, uso umevimba. Presha ilikuwa imempanda hadi wakamfanyia operesheni juzi jioni. Wakamtundikia dawa ya kuzuia kifafa, dawa ile ile iliyomlegeza na mtoto, kisha wakawatenganisha kwa saa thelathini, mama chumba cha uangalizi, mtoto kwenye dripu. Sasa mshipa wa mkono wa mtoto ulikuwa umepasuka na daktari hakutaka kumchoma mwingine.

"Tutampa kikombe," alisema Siwema. "Mililita ishirini kila baada ya saa tatu, huku tunakufundisha wewe na yeye."

Mwasiti akafumbua macho. "Maziwa ya nani?"

Kwa swali hilo kulikuwa na jibu lililoandikwa, na kila nesi wa unyonyeshaji alikuwa ameapishwa kulitoa neno kwa neno. "Ni maziwa ya birika," alisema Siwema. "Hayana mama."

"Maziwa yasiyo na mama ni chokaa," alisema Mama Msafiri. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Nilikuwa na binamu, Mwanaidi. Aliolewa, akazaa watoto wawili. Siku moja bibi mmoja mzee akaja msibani, akamtazama mume wa Mwanaidi, akasema, huyu na Mwanaidi si niliwanyonyesha mimi wote wawili mwaka ule wa njaa? Bibi hakuwa na nia mbaya. Alikumbuka tu. Wakatenganishwa. Yule mume nilimwona akitoka na begi moja, mtoto anamshika suruali. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na sijasahau hata rangi ya begi."

"Pole, mama."

"Kwa madhehebu yetu, mtoto akinyonya mara tano, amepata mama. Akipata mama, amepata ndugu, na ndugu hawaoani. Sasa ninyi mnanipa mama asiye na jina." Akainua vidole vinne. "Vinne, mpe. Cha tano, hapana, mpaka mniambie ametoka wapi."

Siwema alivitazama vile vidole. Saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi. Cha tano kingefika saa moja jioni. Mama aliyepasuliwa na kutenganishwa na mwanawe huchelewa kupata maziwa, lakini kuchelewa si kukosa.

"Vinne vinanitosha," alisema, na alikuwa na hakika.

*

Nyumba ya Maziwa ilikuwa nyuma ya wodi, jengo la matofali ya udongo lenye kuta nene za kuzuia joto. Ndani mlikuwa na mabirika manane ya chuma, na ndani ya kila birika zilining'inia mamia ya tando nyembamba kama maganda ya kitunguu. Juu ya tando hizo ziliishi chembe hai za titi. Kwa upande mmoja zililishwa sukari, mafuta na madini. Kwa upande wa pili zilitoa maziwa, tone baada ya tone, bila kupumzika. Kutoka hapo droni ziliyapeleka Babati, Singida na Hanang kila asubuhi.

Chembe hizo hazikutoka hewani. Miaka kumi na tisa nyuma, wataalamu wa Shirika linaloendesha mabirika hayo walifika Kondoa kutafuta wanawake wanaonyonyesha. Siwema alikuwa na miaka ishirini na sita na binti wa miezi minne, Zamda, aliyenyonya kama mkopeshaji anayedai chake. Walikuwa wanawake saba. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha titi kama punje ya mchele, akatia saini kwamba jina lake halitajulikana. Chembe za kila mmoja ziliitwa mstari. Mistari sita ikafa. Mmoja ukashika, ukaota, ukajaza mabirika. Ukaitwa Mstari wa Nne.

Siwema hakujua ni wake hadi miaka sita nyuma, alipofanywa mkuu wa kitengo na kukabidhiwa ufunguo wa rejista. Siku ile alicheka peke yake ofisini. Alijisikia tajiri. Wataalamu wa dini walikuwa wamegawanyika: wengine walisema maziwa ya birika hayatoki titini, kwa hiyo hayajengi undugu, wengine walisema chembe ni za mwanamke na maziwa ni ya mwanamke, undugu uko palepale. Shirika lilikuwa limechukua jibu lililolifaa, likaliandika kwenye kiapo. Siwema alikitia saini kiapo hicho na kulala usingizi wake wote.

Kisha, miezi miwili nyuma, Zamda akamleta nyumbani kijana aitwaye Twalibu, kutoka Haubi. Kijana mpole, fundi wa visima. Kesho yake Siwema alifungua rejista. Twalibu alizaliwa wiki ya thelathini na sita. Alikunywa vikombe arobaini na kimoja vya Mstari wa Nne kabla mama yake hajapata maziwa.

Siwema alimwambia Zamda aachane naye, kwamba yeye hawapendi watu wa ukoo ule. Hakutoa sababu nyingine. Tangu siku hiyo binti alimsalimia asubuhi na jioni, basi.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria huku akijaza kikombe cha kwanza. Alipima mililita ishirini bila kuzidisha wala kupunguza. Lakini alijua vizuri alichokuwa amefanya. Alikuwa amemkinga binti yake kwa habari ambayo akina mama wengine elfu kumi na moja walinyimwa.

*

"Mvue hizo nguo," alisema baada ya kikombe cha kwanza.

"Atapata baridi," alisema Mama Msafiri, aliyekuwa amemfunga mjukuu kanga mbili na shali.

"Atapata usingizi. Huyu ukimfunga namna hiyo anadhani amerudi tumboni. Mwache na nepi tu, umlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Joto la mama linamtosha."

Wakamlaza kwenye titi la kushoto, mbali na kidonda cha operesheni. Mwasiti alimshika kama mtu aliyepewa yai la mtu mwingine. Mtoto akapanua mdomo nusu, akaligusa titi kwa ulimi, akafyonza mara tatu, akalala.

"Ananikataa," alisema Mwasiti. Machozi yalikuwa yakimshuka kuelekea masikioni. "Nilimwacha siku nzima. Hanijui."

"Anakujua. Tazama pua yake inakoelekea. Ila kufyonza, kumeza na kuhema ni kazi tatu, na yeye alitakiwa apewe wiki nne zaidi za kujifunza kuzipanga. Amezaliwa katikati ya somo. Sasa darasa ni wewe. Nipe mkono."

Akamwonyesha. Vidole vitatu chini ya titi, kidole gumba na cha shahada vinatengeneza umbo la herufi U chini ya kidevu cha mtoto, vikiyashika mashavu taratibu ili taya lisiteleze. Akichoka, mkamulie tone moja mdomoni. Akilala, msugue mgongo kutoka chini kwenda juu, mpanguse nyayo kwa kitambaa chenye maji. Usimtingishe, usimpigie kelele. Msumbue kwa heshima.

"Nimsumbue kwa heshima," Mwasiti alirudia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Waliendelea hivyo. Baada ya kila jaribio Siwema alimkamua Mwasiti kwa mkono, kwa sababu dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, ni machache na hugandia kwenye mashine. Saa nne lilitoka tone moja moja, likakusanywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano: mililita moja. Saa saba, mbili na nusu. Mama Msafiri ndiye aliyeshika bomba. Mwanzoni alishika kwa kisirani. Mchana alikuwa amesogeza kiti, anaangalia kila tone, na mjukuu alipofyonza mara nane mfululizo akameza, aliisikia sauti ya kumeza kabla kioo hakijaihesabu.

"Hiyo imeshuka," alisema.

"Imeshuka, mama."

Saa kumi wakampa kikombe cha nne. Mama Msafiri akakunja kidole cha mwisho, akabaki na ngumi.

*

Saa moja jioni sukari ilikuwa mbili nukta moja, na jani shavuni mwa mtoto lilikuwa limegeuka kutoka kijani kuwa rangi ya kutu.

Dang'a ya Mwasiti ilifika mililita saba. Kwa mwanamke aliyetoka chumba cha uangalizi asubuhi ile, ilikuwa ajabu, na Siwema alimwambia hivyo. Lakini saba si ishirini. Mtoto alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi, na sasa mikono yake ilikuwa imelegea, hata kitambaa cha maji hakikumwamsha.

Kioo kikalia. Siwema akatoka hadi barazani kupokea. Alikuwa Daktari Mlaki, mkuu wa wodi.

"Sista Siwema, naona kitanda cha sita. Mbona hajapewa?"

"Familia imeomba tusivuke vinne."

"Sheria ya Mtoto Kwanza inakuruhusu kumlisha bila idhini yao. Mpe."

"Najua inachoruhusu."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. "Basi changanya na dang'a yake. Waambie yote ni ya mama. Mtoto atapona, bibi atalala kwa amani, na hakuna atakayejua. Tumefanya hivyo mara ngapi?"

"Mara nyingi," alisema Siwema. "Nipe dakika tano."

Alisimama pale barazani huku minara ya upepo ikizunguka juu ya vilima vya Irangi. Hakuwa na shaka kwamba mtoto angekunywa. Hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa atakunywa akiwa nani. Akifuata sheria, bibi angemwona mjukuu wake akilishwa kwa nguvu, na Mwasiti angeanza umama wake kwa kushindwa. Akidanganya, kesho kutwa kungekuwa na mtoto mwingine kwenye rejista asiyejua ndugu zake. Na akisema, asingemwambia Mwasiti peke yake. Neno kama hilo halikai kitanda cha sita. Lingefika Babati kabla ya droni. Angepoteza kazi, na kuna nyumba ambazo zingetikisika, nyumba za watu waliokwisha oana.

Akafikiria begi la yule mume wa Mwanaidi. Kisha akamfikiria Zamda akisema shikamoo mama bila kumtazama. Dakika tano hazikwisha. Alirudi ndani na kikombe mkononi, akavuta pazia, akakaa.

"Mama. Mwasiti. Asubuhi niliwaambia maziwa haya hayana mama. Ndivyo nilivyoapishwa kusema, na si kweli. Yalitoka kwa mwanamke mmoja. Jina lake Siwema binti Mrisho. Ni mimi."

Kitanda cha jirani mtoto wa mtu mwingine alikuwa akilia kwa sauti nene ya mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni.

"Rudia," alisema Mama Msafiri.

Siwema akarudia, na safari hii akaeleza: punje ya mchele, wanawake saba, mistari sita iliyokufa, rejista. Alieleza kwa ufupi kwa kuwa jani lilikuwa na rangi ya kutu.

"Una watoto wangapi?" aliuliza Mama Msafiri.

"Wa kuzaa, mmoja. Wa kikombe, elfu kumi na moja na mia mbili."

"Mumeo?"

"Alifariki. Mwaka wa tisa huu."

"Na huyo wa kuzaa ni wa kike?"

"Wa kike. Anaitwa Zamda."

Mama Msafiri alimtazama usoni muda mrefu, kama pengine alivyowahi kumtazama yule bibi mzee wa msibani; Siwema hakujua. Alijua tu kwamba hakutaka kuinamisha macho, na hakuyainamisha.

"Na majina ya hao wengine unayo?"

"Ninayo. Kuanzia kesho atakayeuliza nitamjibu."

"Undugu mimi sijawahi kuuogopa," alisema Mama Msafiri polepole. "Ninamwogopa ndugu nisiyemjua." Akageuka kumtazama mkwewe. "Mtoto ni wako, mwanangu. Mumeo Msafiri yuko Singida huko, na mimi nimesema sana tangu asubuhi. Sema wewe."

Mwasiti alikuwa tayari amemkalisha mtoto wima pajani, kiganja nyuma ya shingo, kama alivyofundishwa.

"Aanze yangu," alisema. "Yote saba. Kisha nipe hicho kikombe nimnyweshe mimi."

Akamnywesha. Hakumwaga maziwa mdomoni. Aliegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akangoja, hadi ulimi ukatoka wenyewe na kuanza kulamba kama wa paka. Ilichukua muda. Baada ya nusu saa kioo kilisema mbili nukta tisa, na rangi ya kijani ikaanza kurudi kwenye jani kutoka pembeni kuelekea kati. Mama Msafiri aliomba kuishika kazi ya kumcheulisha mtoto, akampigapiga mgongo, akamwambia sikioni kitu ambacho wengine hawakukisikia.

*

Asubuhi Siwema aliweka ufunguo wa rejista juu ya meza ya Daktari Mlaki, pamoja na barua.

"Nimevunja kiapo," alisema. "Imeandikwa humo, na mashahidi wapo wawili. Pia nimeomba rejista ifunguliwe kwa kila mzazi."

Mlaki aliisoma barua mara mbili. "Unajua nitalazimika kukusimamisha."

"Najua."

"Siwema, watoto wa mwanzo wana miaka kumi na minane sasa. Wapo walioana."

"Jozi mbili. Nimewatafuta asubuhi hii. Mmoja wa wasichana ana mimba."

"Na utawaambia nini hao?"

"Kilichotokea. Kisha watakwenda kwa masheikh wao. Wapo watakaowaambia birika halijengi undugu, wapo watakaowaambia linajenga. Watasikiliza, watachagua. Mimi nimewachagulia miaka sita bila kuwauliza, na nilikuwa nachagua kunyamaza." Alisimama. "Nitakwenda mwenyewe kwa jozi zote mbili. Sitawatumia barua."

Daktari hakumpa mkono, lakini alimfungulia mlango.

Alimkuta Zamda nyumbani, barazani, akipaka mafuta ndoano za mkanda wake wa kupandia minara. Ndiyo kwanza alikuwa mwaka wa kwanza wa ufundi wa upepo. Siwema hakungoja kuvua viatu. Alikaa kwenye ngazi, akamweleza yote, tangu punje ya mchele hadi vikombe arobaini na kimoja vya Twalibu.

Zamda aliendelea kupaka mafuta mpaka mwisho. Kisha akaweka ndoano chini.

"Ungeniambia siku ile ile, ningelia siku moja," alisema. "Umenifanya nilie miezi miwili, na nimekuwa nikidhani una dharau."

"Najua, mwanangu."

"Twalibu anadhani nimemwona maskini."

"Nisamehe."

"Sijui bado kama nimekusamehe." Zamda akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Lini utakwenda kuwaambia kwao?"

"Keshokutwa. Kesho nina mtoto wa kumwangalia. Si kazi tena, nakwenda kama mgeni."

"Tutakwenda wote," alisema Zamda. "Hilo sitaki asikie kutoka kwako peke yako."

*

Siku ya kwenda Haubi walipitia wodini kwanza, saa nne, wakati wa kuona wagonjwa. Siwema alivaa dera la nyumbani na kukaa kwenye benchi la wageni kama mtu mwingine yeyote. Manesi wenzake walimsalimia, wawili kwa furaha, mmoja kwa shida. Barazani kulikuwa na wanawake sita waliotoka mjini wakiwa wamekunjia vyeti vya kliniki kwenye kanga, wakingoja kumuuliza. Aliwaambia angewajibu wote akitoka.

Maziwa ya Mwasiti yalikuwa yameshuka jana usiku. Alisimulia huku akicheka: aliamka kanga imelowa, akadhani amemwaga chai. Vikombe vya birika vilikuwa vimepungua kadiri dang'a ilivyoongezeka, vikafika vinane, kisha vikakoma. Macho ya mtoto yalikuwa na manjano kidogo, yale ya kawaida, na yalikuwa wazi.

"Tazama," alisema Mwasiti.

Alimweka titini bila kusaidiwa. Vidole vitatu chini, umbo la U. Mtoto alipanua mdomo wote safari hii, akashika, akafyonza mara kumi, akameza, akapumzika kwa kuhema mara mbili, akaendelea. Alipotaka kusinzia mama yake alimsugua mgongo, naye akakunja uso kama mzee aliyekatizwa hotuba, akarudi kazini. Jani walikuwa wamelibandua asubuhi. Shavuni palibaki alama ya duara, nyeupe kidogo.

Mama Msafiri alikuwa akimtazama Zamda, aliyesimama miguuni pa kitanda asijue aweke wapi mikono.

"Wewe ndiye Zamda?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono huko, uje umshike mdogo wako akimaliza."

Zamda akanawa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi mtoto alikuwa ameachia titi mwenyewe, mdomo umelowa, mikono wazi. Mama Msafiri akampokeza. Zamda alimshika kwa viganja vile vya kushikia kamba, akamtazama, na mtoto naye akamtazama kwa macho yasiyo na haraka.

"Mzito," alisema Zamda.

"Kilo mbili na nusu kasoro kidogo," alisema Mwasiti. "Jana zilishuka, leo zimepanda."

Zamda alimshika hadi alipolala, usingizi wa kushiba safari hii, kisha akamrudisha kwa mama yake. Walipofika mlangoni alimuuliza Siwema, bado akiangalia nyuma, "Wengine wako wapi?"

"Kila mahali. Sita wa karibu, mama zao wako hapo barazani."

"Wajibu hao kwanza," alisema Zamda. "Kisha twende Haubi."